MSHALE WA REDIO YA KALE ULINDWE KWANZA

Imekuwa desturi ya watu wengi, wapatapo redio ya kale ya valvu, kuitia umeme papo hapo ili wasikie kama itasema. Kwa maoni yangu desturi hiyo haifai, hasa kwa redio zile zenye mita ya mshale ya kupimia nguvu ya mawimbi.

Mita hiyo ni dhaifu sana. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba kuliko unywele, nayo huzunguka katikati ya sumaku. Zipo mita ambazo mshale wake hufika mwisho kwa mikroampea 50 tu, yaani sehemu moja ya 20,000 ya ampea moja.

Wengine husema, "Rezista yatosha." Haya, na tufanye hesabu. Mita ya omu 2,000 ikitakiwa ipime volti 10, huungwa mfululizo na rezista ya omu 198,000. Hapo ni salama. Lakini kapasita za karatasi zikizeeka huvujisha umeme, na volti 250 za valvu zaweza kuifikia mita. Hapo zitapita mikroampea 1,250, mara 25 ya kiasi chake! Wengine hutegemea fyuzi; lakini fyuzi ya kukatika kwa umeme mdogo kama huo itapatikana wapi?

Dawa yake ni dayodi mbili za silikoni, zilehemiwe sambamba na mita, moja ikielekea huku na ya pili kule. Mita ikiwa kazini hupata sehemu moja tu ya kumi ya volti, na dayodi hulala. Volti zikikaribia 0.6 dayodi huamka na kuupitisha umeme kando. Mita itapata mikroampea 300 hivi. Mshale utagonga ukingo, lakini koili huweza kusalimika.

Tena, mita isinyonye umeme wa saketi dhaifu inayopimwa. Itiwe valvu au transista ya FET katikati. Wala mtu asiijaribu kwa kipimo cha omu, maana betri ya chombo hicho yaweza kuiunguza. Atumie betri ya tochi ya volti 1.5 pamoja na rezista ya omu 100,000; mshale utasimama karibu na 15.

Dayodi mbili ni za bei ndogo, bali mita ya asili ikiungua ni shida kupata mfano wake. Kinga ni bora kuliko tiba. Nashauri chama chetu cha sayansi kiweke sharti: redio ya kale isitiwe umeme kabla ya mita yake kulindwa.