Baridi ya Lushoto na mpira wa watoto

Juni ikiingia na ukungu kushuka kutoka Magamba, wazazi wengi wa Lushoto huwaita watoto ndani. Chandimu basi, wasije wakapata kichomi.

Baridi hiyo ndiyo iliyowavuta Wajerumani waliokimbia joto na malaria ya pwani, wakaujenga mji na kuuita Wilhelmstal. Ndiyo pia inayostawisha kabichi na karoti zinazoshuka kwa malori kupitia Soni hadi Dar es Salaam.

Kichomi, yaani nimonia, huletwa na bakteria na virusi. Moshi wa kuni huongeza hatari yake. Sasa mtoto aliyeitwa ndani hukaa wapi? Jikoni, kando ya mafiga, dirisha limefungwa, amebanana na ndugu wenye mafua. Hapo amekimbizwa baridi, akapelekwa kwenye moshi.

Huko Omsk, mji wa viwanda vya mafuta Siberia, Januari hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na watoto hucheza hoki juu ya barafu. Timu ya mji, Avangard, ilitwaa ubingwa wa Urusi mwaka 2004. Wao huvaa tu nguo za kutosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili wastani wa dakika 60 kila siku. Sweta na soksi zinatosha Lushoto. Zikilowa jasho au mvua, abadilishiwe. Mwenye pumu apate kwanza ushauri wa daktari.

Mtoto akikohoa huku akipumua haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.