Nyama ya Pilipili Isiyotiwa Maharage

Mama arejeaye kazini jioni akiwa na kifurushi cha nyama ya mguu wa ng'ombe huwa na hesabu mbili kichwani: hesabu ya fedha iliyosalia mpaka mwisho wa mwezi, na hesabu ya makaa. Nyama ya steki humlemea. Ile ya mguu au ya shingo bei yake ni nafuu kidogo, lakini imejaa kano, na ikipikwa kwa haraka watoto hutafuna hata mataya yakachoka. Leo, basi, tunawaletea wasomaji wetu chakula kilichotokana na hesabu kama hiyo, ingawa kilizaliwa mbali na kwetu, katika jimbo la Texas huko Marekani.

Jina lake ni chili con carne, maneno ya Kihispania yenye maana ya pilipili pamoja na nyama. Mwaka 1828 msafiri mmoja aitwaye J. C. Clopper alipita mji wa San Antonio, wakati huo Texas ikiwa bado sehemu ya Mexico. Aliandika kwamba maskini wa mji ule, walipolazimika kununua nyama sokoni, waliikata vipande vidogo vidogo na kuichemsha na pilipili zilizokaribia kulingana na vipande vyenyewe kwa idadi. Nyama kidogo ikawatosha watu wa nyumba nzima.

Baadaye, tangu miaka ya 1880, wanawake wenye asili ya Mexico walikipika chakula hicho na kukiuza usiku katika viwanja vya mji huohuo, wakiwa na meza zao, taa zao na masufuria yao. Watu waliwaita malkia wa pilipili. Sisi tungewaita mama lishe, na bila shaka tungewatambua mara moja. Wageni waliwasifu sana, na sifa hizo zikaujengea mji jina; hata hivyo, mwaka 1937 idara ya afya ya mji iliwaondoa viwanjani kwa hoja ya usafi, na katika miaka ya 1940 biashara yao ikatoweka kabisa. Mwaka 1977 bunge la Texas lilikitangaza chakula hichohicho kuwa chakula rasmi cha jimbo. Heshima ilikifikia chungu baada ya wapishi wake kwisha kufukuzwa, jambo ambalo mwandishi wa safu hii haoni kuwa geni.

Sasa, maharage. Katika nyumba zetu maharage ndiyo yanayoiongeza nyama, wala hatuna sababu ya kuyadharau. Lakini watu wa Texas hushikilia kwamba yakitiwa katika chungu hiki hunyonya mchuzi na kuizima pilipili. Ugomvi huu umewahi kufikishwa mashindanoni: mwaka 1967, katika kijiji cha Terlingua, Wick Fowler wa Texas alipambana na H. Allen Smith, mwandishi kutoka New York ambaye chakula chake kilikuwa na maharage. Wakatoka sare. Akina baba na wazingatie kwamba waliosimama mbele ya masufuria siku hiyo walikuwa wanaume wawili.

Kwa watu sita, chukua kilo 1 ya nyama yenye kano. Usiisage, ikate vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Pilipili zinazotumika Texas ni nyekundu, zilizokaushwa, kubwa na zisizo kali sana. Hizi zetu ndefu zilizokauka ni kali mno kutumika kwa wingi ule, kwa hiyo njia ya busara ni kugawa kazi: pilipili hoho nyekundu 4 zitoe uzito na rangi, na pilipili kavu 2 zitoe ukali. Hoho zichome juu ya makaa mpaka ngozi iwe nyeusi, uzimenye. Zile kavu zipitishe katika kikaango kitupu kwa muda mfupi, zisiungue maana zitakuwa chungu, kisha uziloweke katika maji ya moto robo saa. Ukali umekaa zaidi katika utando mweupe wa ndani kuliko katika mbegu. Mwenye watoto wadogo aukwangue. Twanga zote pamoja na punje 5 za kitunguu saumu na vijiko 2 vya chai vya bizari nyembamba. Bizari hii isikosekane, kwani ndiyo harufu yenyewe ya chakula hiki.

Kaanga nyama kwa mafuta kidogo, sehemu baada ya sehemu. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na utamu mwingi utapotea hapo. Ikishapata rangi ya kahawia, tia kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwakatwa, kisha ule mchanganyiko uliotwangwa, ukoroge mpaka unukie. Ongeza chumvi na vikombe 3 vya maji.

Kutoka hapa ni kazi ya subira. Funika, punguza makaa na kuyafunika kwa majivu, uache sufuria itokote polepole kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Kano hazilainiki kwa moto mkali. Moto wa pole na maji ndivyo vinavyozigeuza ziwe ute unaoupa mchuzi uzito. Makaa machache yanayodumu yatatosha. Nusu saa kabla ya kuipua, koroga vijiko 2 vya unga wa mahindi katika maji baridi, umimine. Wenyewe hutumia unga wa mahindi yaliyochemshwa kwanza kwa chokaa, lakini sembe hufanya kazi, mradi iive vizuri.

Nyanya? Wakereketwa huzikataa. Hata hivyo, chili ya Rais Lyndon Johnson, ambaye alikuwa mtu wa Texas, ilikuwa na nyanya na haikuwa na maharage, kwa hiyo anayetaka kutia mbili asiogope.

Pakua kwa ugali au chapati. Atakayewashwa mno apewe maziwa wala si maji, kwani ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji. Asiye na jokofu apike kiasi cha kuliwa siku hiyohiyo. Mwenye nalo akihifadhi sehemu atakuta kesho yake mafuta yameganda juu, ni rahisi kuenguliwa, na ladha imekolea zaidi. Chakula hicho, kikichemshwa upya, chafaa sana kupelekwa kazini, iwapo walaji wa usiku watakuwa wamekisaza.