Hati Punguzo na Kapu la Nyumbani: Tuanze na Hesabu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, punguzo la bei siku hizi linamfikia mnunuzi kwa sura nyingi. Mara ni kuponi ndani ya pakiti, mara ni tangazo la kununua mbili na kupewa ya tatu bure, mara ni ujumbe wa simu, mara ni kadi ya pointi. Wenye familia wanauliza: je, tunaweza kupunguza gharama za chakula na sabuni kwa njia hizi, na tuanzie wapi? Jibu letu ni kwamba mtu aanze na hesabu ya nyumba yake kabla ya kuitafuta kuponi. Kuponi humnufaisha mwenye orodha ya mahitaji na akiba ndogo ya fedha taslimu. Asiyekuwa na viwili hivyo, kuponi humtoa fedha ambazo hakukusudia kuzitoa.

KUPONI NI KITU GANI?

Kuponi ni ahadi ya muuzaji kwamba atapunguza sehemu ya bei kwa masharti aliyoyaweka yeye. Kampuni ya Coca-Cola huko Marekani iligawa kuponi za glasi moja ya bure mwishoni mwa karne ya 19. Haikufanya hivyo kwa huruma, bali ilitaka watu waonje, wazoee, kisha warudi na fedha zao. Hakuna ubaya katika hilo, kwani biashara ni halali na kushawishi kwa ukweli kunaruhusiwa. Lakini inampasa mnunuzi afahamu kwamba masharti hayo yamepangwa kwanza kwa faida ya muuzaji, na faida yake yeye ni lazima aitafute mwenyewe.

TULICHOJIFUNZA DODOMA

Mkoa wetu si mgeni katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Hati Punguzo kwa ajili ya vyandarua ulianzia katika mikoa miwili, Dodoma na Morogoro, mnamo Oktoba 2004, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeenea nchi nzima. Mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati ambayo mwanzoni ilikuwa na thamani ya shilingi 2,750, na baadaye shilingi 3,250. Akaipeleka kwa muuzaji, akajazia kiasi kilichobaki, akaondoka na chandarua.

Mpango ule ulikuwa na kheri nyingi. Hata hivyo, ilionekana kwamba kaya maskini kabisa ndizo zilizokuwa nyuma katika kuzitumia hati zile, na sababu kubwa ilikuwa ile fedha ya kujazia. Hati ilikuwa mkononi, lakini fedha ya kujazia haikuwapo. Ndipo mwaka 2009 utaratibu ukabadilishwa, mama akatakiwa kuongeza shilingi 500 tu. Mpango huo ulikoma mwaka 2014, lakini fundisho lake limebaki: punguzo bila fedha taslimu ni karatasi tupu. Kwa hiyo, hatua ya kwanza ya anayetaka kunufaika na kuponi ni kutenga kila wiki kiasi kidogo, hata kama ni shilingi 1,000, ili siku punguzo la kweli litakapokuja asilazimike kukopa.

HATI ZA CHAKULA KATIKA ZAMA ZA MASAHABA

Huenda baadhi yetu wakadhani kwamba hati za namna hii ni uzushi wa zama zetu. La hasha. Imam Malik katika Al-Muwatta, na Imam Muslim katika Sahihi yake, wametaja habari za hati zilizotolewa Madina katika utawala wa Marwan bin al-Hakam. Watu walipewa hati za chakula kilichokuwa Al-Jar, bandari iliyoihudumia Madina katika Bahari ya Shamu. Wakaanza kuziuza na kuzinunua hati hizo baina yao kabla ya chakula chenyewe kupokewa. Masahaba wakamwendea Marwan na kumkanya, naye akaamuru hati zile zirejeshwe.

Imam Nawawi ameeleza kwamba wanazuoni walikhitalifiana katika suala hili, na kwamba kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kuwa aliyepewa hati hapo awali anaweza kuiuza, bali aliyeinunua ndiye asiyeruhusiwa kuiuza tena kabla ya kukipokea chakula. Tazama, ndugu msomaji, jinsi sheria ilivyoilinda sahani ya mnyonge. Hati ikigeuka bidhaa ya walanguzi, anayelipa gharama ni yule mwenye njaa aliye mwisho wa foleni.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, andika kila kinachonunuliwa nyumbani kwa mwezi mmoja: unga, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai, sabuni, mafuta ya taa au mkaa. Andika kipimo na bei. Bila ya kumbukumbu hii huwezi kujua kama bei iliyopunguzwa ni ndogo kweli, au ilipandishwa jana ili ishushwe leo.

Pili, linganisha kwa kilo au kwa lita, wala usilinganishe kwa pakiti. Tuchukue mfano. Kuponi inapunguza shilingi 500 katika chupa ya mafuta ya lita moja inayouzwa shilingi 6,500. Wakati huohuo, mwenye mashine ya kukamulia alizeti mtaani anauza lita hiyohiyo kwa shilingi 5,000 ukienda na chombo chako. Mwenye kuponi atafurahi kwamba ameokoa shilingi 500, ilhali ametoa 1,000 zaidi ya jirani yake asiye na kuponi.

Tatu, hesabu na nauli. Anayepanda bodaboda kwa shilingi 2,000 kufuata punguzo la shilingi 500 amepata hasara ya shilingi 1,500 na kupoteza asubuhi yake.

Nne, usinunue kisichokuwamo katika orodha kwa sababu tu kimepunguzwa. Qur'an katika Surat al-Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na ubadhirifu haugeuki kuwa uchumi kwa kubandikwa neno punguzo.

MIPAKA YA HALALI

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Doha, Januari 2003, liliamua kwamba kadi zinazompa mteja pointi za manufaa ya halali zinafaa kutumiwa zikitolewa bure. Zikiuzwa hazifai, kwa kuwa mlipaji hajui atapata nini. Ama kutuma ujumbe wa kulipia ili kushindania zawadi, huo ni kamari iliyovikwa kanzu. Na anayenunua soda asiyoihitaji ili afunue kizibo, naye ajihadhari.

Tena pointi si fedha. Kampuni ya Nakumatt ya Kenya ilikuwa na kadi ya pointi iliyojulikana sana. Ikaelemewa na madeni, matawi yake yakafungwa moja baada ya jingine kuanzia mwaka 2017, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ivunjwe. Punguzo lako likiwa ni pointi, litumie mapema.

PUNGUZO LILILO MIKONONI MWETU

Mwisho, tuseme ukweli kwamba kwa familia nyingi za Kondoa punguzo kubwa kuliko yote halimo katika kuponi yoyote. Limo katika kununua pamoja. Mnyonge anayenunua sukari robo kilo na mafuta ya kupima kila jioni hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko tajiri anayenunua kwa mfuko. Nyumba kumi za jirani zikichanga na kununua gunia la mahindi baada ya mavuno, na mfuko wa sukari kwa bei ya jumla, kisha zikagawana kwa mizani ya haki, zimejipa hati punguzo bila ya kampuni yoyote. Kamati za misikiti na vikundi vya kina mama vinaweza kulianza jambo hili kwa daftari moja na mtu mmoja mwaminifu.

Nanyi wenye maduka, mkitangaza punguzo liwe la kweli. Surat al-Mutaffifin inawatosha kuwa onyo wale wanaopunja vipimo. Na anayepandisha bei usiku ili aishushe mchana naye amemdanganya mnunuzi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali, mizani ya uadilifu na nyumba zisizolala na deni. Amin.

Wabillahi tawfiq.