Shilingi ya Waziri, Salfa ya Mkulima

Maneno matatu yanatosha kumtambulisha mbunge wa Tanzania hata ukiwa umefumba macho: je, ni lini. Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka hapa hadi pale. Je, ni lini kituo cha afya cha kata fulani kitapata mashine ya eksirei. Ni saa tatu asubuhi, dua imeshasomwa, na Naibu Waziri anasimama na karatasi yake. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu umekamilika. Ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mheshimiwa anaomba maswali mawili ya nyongeza, anapewa, anauliza, anakaa. Jioni kipande cha video kimeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya jimboni, kikiwa na kichwa chake: Mbunge wetu aibana Serikali.

Sina ugomvi na swali. Katiba yenyewe, ibara ya 63, inalipa Bunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na yapo maswali yaliyozaa matunda. Waulizeni watu wa kusini kuhusu barabara ya Ndundu hadi Somanga. Daraja la Mkapa, mita 970 juu ya Mto Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003, na adha ya kivuko ikaisha. Lakini ukishavuka daraja lile zuri ulikuwa unaingia kwenye kilomita 60 za udongo, na masika yakishika, basi la Mtwara lililala hapo pamoja na abiria, kuku na maiti ya mtu aliyekuwa anarudishwa kwao. Wabunge wa Lindi, Mtwara na Rufiji waliliuliza lile swali mpaka wakaonekana wana wazimu. Lami ilikuja kukamilika zaidi ya miaka kumi baada ya daraja. Wapo wanaosema ingekuja tu hata wasingeuliza. Mimi siamini hivyo. Barabara isiyotajwa huwa haikumbukwi na mtu.

Hata hivyo toleo hili hatukuliandaa ili kuwasifu waulizaji. Tumeliandaa kwa sababu tunaona wananchi wengi, na sisi wa magazeti tukiwa mstari wa mbele, tunampima mbunge kwa kipimo kisicho chake. Tunahesabu amesimama mara ngapi. Hatuangalii alisimama wapi kwenye njia ya fedha.

Chukua ile shughuli inayopendwa kuliko zote, kushika shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge ambaye hajaridhika anainuka kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri na kutangaza kwamba asipopata maelezo ya kutosha ataondoa shilingi. Ukumbi unachangamka. Wenzake wanasimama kumuunga mkono, sauti zinapanda, Waziri anajieleza na kuahidi kwamba wataonana baada ya kikao. Kisha Mheshimiwa anashukuru na kurudisha shilingi. Nimekaa ukumbi wa wageni pale Dodoma nikaiona shilingi hiyo ikitoka na kurudi mara tatu kabla ya saa moja usiku, na ilipofika muda wa gilotini, yaani wa kufunga mjadala, vifungu vilivyobaki vikapita kwa mkupuo bila mtu kuuliza kitu. Mabilioni yalipita kwa kasi ya msomaji. Shilingi moja ilikuwa imekula saa nzima.

Mchezo huu una sheria nyuma yake. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais amelipendekeza kupitia kwa Waziri. Wabunge wenyewe wakitaka kubadili kiwango, njia waliyoachiwa ni kupunguza. Kwa hiyo mbunge anaweza kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri, lakini hawezi kuongeza hata shilingi moja kwenye zahanati ya kijijini kwake. Na Bunge zima likikasirika likaikataa bajeti, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja, kila mtu arudi jimboni kuomba kura upya. Ukishalijua hili unaelewa kwa nini hotuba kali kabisa ya mbunge wa chama tawala, iliyojaa machungu ya maji, umeme na madawati, huishia kwa maneno yaleyale: naunga mkono hoja.

Sasa kama hawezi kuongeza, anaweza nini? Anaweza kulinda. Eneo likishapata sheria inayolitengea fungu lake, fungu hilo halitegemei tena huruma ya Waziri wala zamu ya upembuzi yakinifu. Kazi kubwa ya mtetezi wa eneo ni kukaa mlangoni pa sheria hiyo usiku na mchana. Ni kazi isiyo na makofi, na hufanyika kwenye makaratasi ambayo karibu hakuna anayeyafungua.

Mfano ninao, nao ni wa korosho.

Kwa Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Shabaha ilikuwa kuwafanya wafanyabiashara wabangue hapa hapa badala ya kuzipakia zote melini kwenda India na Vietnam. Kubangua hakukufika mbali, lakini ushuru ulipatikana, na sheria ilikuwa imeshasema pa kwenda: asilimia 65 iendeleze zao lenyewe, asilimia 35 iingie Hazina. Kutoka kwenye ile 65 ilipatikana ruzuku ya salfa, ikapatikana miche, na watafiti wa zao hilo kule Naliendele wakapata cha kufanyia kazi.

Asiyewahi kuishi Newala au Tandahimba huenda asielewe salfa ni nini kwa watu wale. Mkorosho hutoa maua miezi ya baridi, kuanzia Juni na Julai, na ugonjwa wa ubwiri unga nao hupenda baridi hiyohiyo. Ukiingia kwenye maua unayafunika kwa ungaunga mweupe mpaka yanakauka, na hapo mavuno ya Oktoba yameshakufa. Basi mkulima anaamka kabla ya alfajiri, anajifunga kitambaa puani, anabeba mashine mgongoni na kuanza kupuliza mti mmoja baada ya mwingine huku giza bado halijaisha, kwa sababu unga wa salfa hushika kwenye jani lenye umande. Jua likichomoza, kazi imekwisha. Anarudi nyumbani macho mekundu, nguo za manjano, ananuka kama kiberiti. Akikosa mfuko wa salfa mwezi huo, hakuna atakachofanya Agosti kikarudisha ua lililokauka.

Ni mwezi huohuo wa Juni Bunge linajadili Muswada wa Sheria ya Fedha.

Juni 2018, ndani ya muswada wa mwaka huo, kulikuwa na kifungu kinachofuta ile asilimia 65 na kuupeleka ushuru wote Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini, wa CCM inayotawala na wa CUF ya upinzani, walisimama pamoja kwa namna isiyo ya kawaida. Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, aliupinga waziwazi. Nape Nnauye wa Mtama alisema kwa ukali. Walitaja pia deni: zaidi ya shilingi bilioni 200 za mgao wa wakulima ambazo zilikuwa zimeshakusanywa na hazijatolewa. Waziri wa Fedha, Philip Mpango, hakutikisika. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha za umma ziingie kapu moja, zisimamiwe vizuri, kisha kila sekta ipangiwe kupitia bajeti ya wizara yake.

Hoja ile, tukiwa waadilifu, si ya kubezwa. Mifuko ya mazao nchini imekuwa na historia ya posho na semina, na hata wakulima wa kusini wenyewe walikuwa na malalamiko juu ya fedha zao zinavyotumika. Isitoshe, mkulima wa zao lisilo na mfuko wake ana haki ya kuuliza kwa nini korosho iwe nao. Lakini kapu moja lina tabia moja inayojulikana na kila mwanakaya: mwenye njaa ya karibu ndiye huchota kwanza. Na salfa haisubiri foleni ya Hazina.

Muswada ulipita. Baadaye mwaka huohuo Ghasia aliachia uenyekiti wa kamati. Novemba wanunuzi walipoleta bei za chini minadani, Rais Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda, akatuma jeshi kusomba korosho na kutangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Mavuno, yaliyokuwa yamevuka tani 313,000 msimu wa 2017/18, yalishuka mpaka takriban tani 225,000 msimu uliofuata. Sitasema ni kifungu kile pekee kilichoyashusha. Mkorosho una mambo mengi, na hali ya hewa ina neno lake. Nasema tu kwamba mwaka ambao zao lilihitaji mlinzi, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Je, wabunge wale walishindwa? Kwa kura, ndiyo. Kwa maoni yangu walichelewa zaidi kuliko walivyoshindwa. Fedha zilianza kubaki Hazina kabla ya kifungu kuletwa, na mwenye kusoma taarifa za utekelezaji robo kwa robo angeuona moshi kabla ya moto. Sisi nasi tulikuwa wapi? Tulikuja na kamera zetu siku ya kelele. Magazeti ya wiki ile yalikuwa na vichwa vya habari vikubwa juu ya nani kamwambia nini nani, na ukitafuta namba ya kifungu chenyewe unaweza kumaliza ukurasa mzima hujaiona. Na lipo jambo ambalo watu wa Lindi hulisema kwa kicheko kisicho na furaha: Nape aliyelilia korosho mbele ya Spika mwaka 2018 ndiye yule aliyekuwa Waziri wa Habari Januari 2016, akatangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama.

Jirani zetu Kenya walijaribu njia nyingine. Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, aliacha kuomba barabara moja moja akapigania sheria: mwaka 2003 ukaundwa mfuko wa maendeleo ya majimbo, wenye fungu lisilopungua asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Madarasa yaliyojengwa kwa fedha zile hayahesabiki. Ila mfuko huo ulimgeuza mbunge kuwa msimamizi wa miradi, na mahakama za Kenya zimeuliza inakuwaje mtunga sheria awe pia mgawa saruji. Nasi tuliiga kidogo, mwaka 2009, kwa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake ni kidogo na mabati yake hupigwa picha nyingi. Simwonei wivu mbunge anayezindua tundu la choo la shule, namwonea huruma.

Lipo pia baraza la madiwani, ambalo mbunge ni mjumbe wake kwa mujibu wa sheria. Huko ndiko ushuru wa mazao wa halmashauri unakopangiwa matumizi, na huko kura yake ina uzito kuliko video kumi za Dodoma. Mwulize karani wa kikao cha halmashauri yako mahudhurio ya Mheshimiwa yakoje. Mimi nimeuliza kwangu. Nilijibiwa kwa tabasamu.

Makala za kurasa zinazofuata zimeandikwa kwa mtazamo huo. Tumewaomba waandishi wetu waache kuhesabu maswali, wafuate fedha: ya maji, ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya wakala wa TARURA, ya dawa, ya ushuru wa mazao. Wengine wamerudi na habari njema ambazo hatukuzitarajia. Mmoja amerudi na daftari tupu, kwa sababu ofisi aliyokwenda ilimzungusha wiki tatu. Tumechapisha simulizi ya mzunguko huo kama alivyoileta.

Wewe msomaji tunakuomba jambo moja. Muswada wa Sheria ya Fedha hujadiliwa mwezi wa sita, na ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali ni mali ya kila mtu kuusoma. Utafute. Tazama kama limetajwa zao lenu, ushuru wenu au mfuko wenu. Kisha mpigie mbunge wako kabla hajasimama kuunga mkono hoja, umuulize amekisoma kifungu namba ngapi.