Kisanduku cha Akiba ya Afya

Fedha za afya hupotelea wapi nyumbani? Shemeji kaomba nauli, jirani kafiwa, mtoto kadai daftari. Homa ikibisha hodi usiku, mkoba mtupu.

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilichunguza jambo hili magharibi mwa Kenya, katika vikundi vya upatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku chenye kufuli, pamoja na ufunguo wake, wakataja wanachowekea akiba. Basi! Akiba yao ya afya ikaongezeka kwa asilimia 66.

Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo ulibaki kwa watafiti mpaka lengo litimie. Hicho hakikuwazidi wenye ufunguo wao. Kama muuguzi sishangai: mtoto akizidiwa, fedha iliyofungiwa haimfikishi zahanati. Nguvu ya kisanduku naiona kwingine: mama anaweza kumjibu shemeji, tena kwa heshima, “Hizo ni za chandarua.”

Vikundi vilivyoongeza mchango wa pili, wa afya peke yake, vilifanya vizuri sana. Mwenye zamu alinunuliwa kifaa cha afya, wenzake wakishuhudia.