Mchungaji Asiyeulizwa ni Hatari kwa Kundi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumezoea kuifunza darasani kana kwamba inawahusu wagema peke yao, au labda wanasiasa. Nionavyo mimi, leo hii hakuna mahali inapohitajika zaidi kuliko kanisani.

Mnamo Aprili 2023 taifa zima liliduwaa wakati maiti zilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Shughuli hiyo ilipoendelea, zaidi ya miili 400 ilitolewa ardhini, mingi ikiwa ya watoto. Ilidaiwa kwamba waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakamlaki Yesu. Mhubiri aliyeliongoza kundi hilo alishtakiwa, naye akakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama. Hata hivyo, lipo swali ambalo hatuwezi kuwaachia majaji. Ilikuwaje wazazi wenye akili timamu wamwachie mtu mmoja uamuzi juu ya chakula cha watoto wao?

Wengi wetu tulijibu upesi kwamba lile lilikuwa dhehebu potovu, na kwamba sisi wa makanisa ya kawaida halituhusu. Jibu hilo linafariji, lakini si la kweli. Ugonjwa uliozidi kule msituni huanza kama kikohozi kidogo katika makanisa tunayoyaheshimu.

Nitatoa mfano ninaoujua. Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja ambalo sitalitaja, mwalimu mwenzangu alikuwa mweka hazina. Ilifanywa harambee ya kuezeka paa. Fedha zilihesabiwa hadharani, zikatangazwa, zikapigiwa vigelegele. Mabati hayakuonekana. Katika kikao cha wazee, mwalimu huyo aliomba stakabadhi. Hakumshutumu mtu yeyote. Aliomba stakabadhi tu. Jumapili iliyofuata tulihubiriwa juu ya dhambi ya kuwagusa watiwa mafuta wa Bwana, na kabla ya mwezi kwisha jina lake lilikuwa limeondolewa katika orodha ya wazee. Sote tulielewa. Sote tulinyamaza, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Mwenzetu huyo aliacha kuja. Ilipita miezi sita kabla sijakwenda kubisha hodi kwake. Alinikaribisha chai, akaniambia neno ambalo halijanitoka moyoni: “Mwalimu, sikuondoka kwa ajili ya mabati. Shuleni mtoto akikosa siku mbili tunauliza yuko wapi. Kanisani nimekosa miezi sita na hakuna aliyeita jina langu.”

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mambo haya mawili ni pacha. Kiongozi asiyekubali kuulizwa hulea waumini wasioulizana. Watu wakizoea kuogopa juu, huzoea kutojaliana chini. Wanakaa benchi moja, wanaimba kwa sauti moja, lakini kila mmoja yuko peke yake. Na aliye peke yake ndiye rahisi kupelekwa popote, hata msituni.

Yafaa tuchunguze lile fungu la watiwa mafuta, maana limekuwa ngao ya wengi. Katika Zaburi ya 105 linawahusu mababu wa Israeli walipokuwa wageni wasio na mtetezi. Lilitolewa kuwalinda wanyonge mbele ya wafalme. Daudi naye alikataa kumuua Sauli kwa sababu alikuwa mtiwa mafuta, lakini baada ya kutoka pangoni alisimama akamweleza wazi makosa yake, watu wakisikia. Alichozuia ni upanga, si ulimi. Na Daudi mwenyewe alipokosa, nabii Nathani alimwendea na kumwonyesha dhambi yake, naye mfalme akatubu badala ya kumfukuza.

Isitoshe, Samweli alipong'atuka katika uamuzi aliwaita watu wote na kuwataka waseme kama amewahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu, au kupokea rushwa. Wajane wa Kiyunani walipopunjwa posho, mitume hawakuwaita waasi. Waliwataka waumini wachague watu saba wa kusimamia jambo hilo. Paulo alimkabili Petro mbele ya watu kule Antiokia, na alipokusanya mchango wa kuwasaidia maskini alihakikisha unasindikizwa na wengine ili asilaumiwe. Ikiwa mitume waliulizwa, mchungaji wetu ni nani hata asiulizwe?

Wala hatuhitaji kwenda mbali na Afrika Mashariki kutafuta ushirika wa kweli. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaingia Uganda na Kenya, uliwaketisha pamoja askofu na mkulima, mmishonari na mpishi wake, wakaungamiana makosa yao kama ndugu. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, baadhi ya ndugu hao walikataa kula kiapo na vilevile wakakataa kushika silaha, na wengine waliuawa kwa msimamo huo. Maaskofu wa Kikatoliki wa eneo letu nao, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walisisitiza kuundwa kwa jumuiya ndogo ndogo, yaani majirani wachache wanaosali nyumba kwa nyumba na kujuana kwa majina. Hekima yake ni wazi: katika umati wa watu elfu moja pengo la mtu mmoja halionekani, katika watu kumi na watano linaonekana siku hiyo hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba maswali huleta mafarakano. Hapana. Kinachofarakanisha ni jibu lisilotolewa. Wengine watasema ni utovu wa adabu kumhoji mzee. Lakini heshima na woga si kitu kimoja. Tunawakumbuka kwa fahari maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari kwa sababu walithubutu kuihoji serikali, ukiwemo upigaji kura wa mlolongo wa mwaka 1988. Kanisa lililoihoji Ikulu kwa niaba ya wananchi haliwezi kuwakataza wananchi hao kulihoji. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa fedha zilizotolewa na Rais katika parokia yake moja, wengi walishangilia. Vyema. Lakini mkono unaorudisha fedha ya mwanasiasa uwe pia mkono unaoonyesha daftari la sadaka ya mjane.

Basi tufanye nini? Hesabu za kanisa zisomwe mbele ya waumini, na fedha zisitolewe benki kwa sahihi ya mtu mmoja. Wazee wachaguliwe kwa muda maalumu, kisha wapishe wengine. Walimu walezi wa vyama vya Kikristo shuleni wawazoeze vijana kulisoma fungu pamoja na yaliyotangulia na yanayofuata, na wamsifu mwanafunzi anayeuliza swali gumu. Nanyi wanafunzi, mhubiri akiwaambia mwache shule, mwache dawa, au mwakimbie wazazi wenu, msimjibu mkiwa peke yenu. Mwulizeni mbele ya watu, na asipotaka watu wasikie, ondokeni.

Sisi walimu huanza siku kwa kuita majina. Ni desturi ndogo, tena ya kuchosha, lakini ndiyo inayotuambia nani hayupo. Mwenzangu yule hakurudi katika kanisa letu, na sina haki ya kumlaumu. Jumapili ijayo, msomaji, kabla ya wimbo wa kwanza, tazama pembeni. Ukiona pengo, uliza ni la nani. Na ibada ikiisha, usiende nyumbani moja kwa moja, pitia kwake.