Juu ya Ngoma za Kale Zinazofufuliwa Usukumani

Kila kiangazi, pamba ikishavunwa na kuuzwa, mji wa Bariadi huingia katika shangwe za ngoma. Vikundi hutoka Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mahema husimamishwa, viti vya wageni wa heshima hupangwa kivulini, na mara nyingi mbele ya viti hivyo huwekwa meza ya waamuzi wenye karatasi na kalamu. Karatasi hizo zina alama za mavazi, alama za mpango wa wachezaji na alama za kushika muda. Lakini alama inayotajwa kwa heshima kuliko zote ni ile ya uasilia. Kikundi kilichovaa ngozi, shanga na kauri hupata nyingi. Kikundi kilichokuja na mashati ya dukani hulaumiwa kwamba kimeharibu mila.

Hapana neno linalotumiwa ovyo siku hizi kuliko hilo. Waamuzi wanaolitamka wameweka mezani kipimo ambacho mababu wa Wasukuma hawakukijua, na kwa kipimo hicho wanafundisha vijana kwamba jambo la kale ni jambo la kuvaliwa. Kosa hili lastahili kukemewa mapema, kwa sababu wazee wa Ntuzu waliolima kwa ngoma katika ujana wao, kabla ya uhuru wa 1961, sasa wamepita miaka themanini, na wanachokijua hakitasubiri matamasha mengine mengi.

Chukua bugobogobo, ngoma ambayo kwayo Wasukuma hujulikana Tanzania nzima. Mtu wa Dar es Salaam ameiona mara nyingi: safu ya vijana wenye majembe yanayong'aa, majembe yakirushwa juu na kudakwa, ngoma kubwa zikivuma nyuma, na baada ya dakika chache mgeni rasmi akipiga makofi. Sura hii ya bugobogobo ina historia yake, nayo ni fupi. Mwezi wa Desemba 1962, Rais Nyerere alipolihutubia Bunge, alisikitika kwamba wasomi wengi walizijua dansi za ng'ambo na hawakuzijua ngoma za babu zao. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata Kikundi cha Ngoma cha Taifa kikaanzishwa, na bugobogobo ikawa miongoni mwa ngoma zake. Kikundi hicho kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kilipokea kazi ya kuzifundisha. Jukwaa lilikuwa na masharti yake: watazamaji wameketi upande mmoja, muda ni mfupi, na wachezaji hawana budi kuelekea mbele. Hapana aibu katika hayo. Aibu ni kuichukua sura iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa la taifa, kuirudisha Bariadi, na kumpa alama ndogo mwana wa mkulima kwa sababu hakuifuata.

Bugobogobo ya shamba ilikuwa kitu kingine. Ilikua pamoja na kilimo cha pamba wakati wa ukoloni, mashamba yalipopanuka kuliko nguvu ya kaya moja. Vijana walijiunga katika chama, wakaitwa na mwenye shamba, wakaingia asubuhi katika mstari mmoja, kila mtu na jembe lake la mkono, na wapigaji ngoma wakiwa karibu nao. Malipo yalikuwa chakula, au ng'ombe, au fedha. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, aliimba, mstari ukapokea, na majembe yakashuka pamoja. Hapo ndipo penye siri ambayo karatasi ya mwamuzi haiwezi kuiandika: jembe lenyewe lilikuwa ala. Mlio wa chuma kikiingia katika udongo, mara nyingi kwa mpigo mmoja, ndio uliokuwa msingi wa wimbo, na ngoma zilijengwa juu yake. Udongo mzito mweusi wa mbugani hautoi mlio mmoja na mchanga wa kilimani, wala haukubali mwendo mmoja. Mwendo wa wimbo ukaamuliwa na ardhi na mikono, si na mpigaji peke yake. Jembe liliporushwa hewani, mgongo ulipata kunyooka. Urembo ule unaoshangiliwa jukwaani ulikuwa pia pumziko la mtu aliyechoka.

Mtu akiondoa udongo katika ngoma hiyo, ameondoa ala moja na sababu ya mwendo wote. Anachobaki nacho chaweza kupendeza. Lakini kukipa jina la uasilia kwa kuwa wachezaji wamevaa ngozi ni sawa na kusifu mtumbwi kwa rangi yake hali haujawahi kuguswa na maji.

Upotofu wa pili ni mkubwa zaidi, nao wahusu mashindano yenyewe. Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa kushindana kwa ngoma. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, waligombea ubora wa dawa zao, na ugomvi wao ukaamuliwa uwanjani. Wafuasi wa kwanza wakaitwa Bagika, wa pili Bagalu, na mgawanyo huo wadumu hata leo. Desturi yao ni hii: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na watu huenda wanakovutwa. Umati ukihama, kikundi kimeshindwa. Hakuna meza wala kalamu. Mshindi huonekana kwa miguu ya watazamaji, na mtu yeyote aliyesimama hapo, mwenye cheo au asiye nacho, ana kura yake.

Katika utaratibu wa namna hiyo wimbo mkongwe ulikuwa hatari kwa mwimbaji. Ningi aliyerudia wimbo wa mwaka jana alikuwa akimpa mshindani wake umati bure. Ndiyo maana nyimbo za Usukumani zimejaa habari za siku zake: kodi, bei ya pamba, vita vya Burma walikopelekwa askari wa King's African Rifles, chama cha TANU. Frank Gunderson, mtaalamu Mmarekani aliyechapisha mwaka 2010 kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, ameonyesha jinsi nyimbo hizo zilivyobeba historia ya wakulima. Zilikuwa za kale kwa namna ya kutungwa, si kwa maneno. Basi manju kijana wa Bariadi akitunga leo wimbo juu ya mizani ya mnunuzi wa pamba, naye akanyimwa alama kwa kuwa wimbo wake “si wa asili”, mwenye kuivunja mila ni yule aliyeketi mezani.

Watetezi wa kipimo hiki husema kwamba pasipo mpaka kila kitu kitapotea. Huonyesha nyimbo za Kisukuma za vinanda vya umeme zinazopita toka simu hata simu, na kuuliza kama hizo nazo ziitwe za kale. Swali ni la haki. Ila jibu lake halimo katika mavazi, na hata sikukuu wanazozitegemea zingewafundisha unyenyekevu. Bulabo, tamasha kubwa la ngoma za Wasukuma linalofanywa Bujora karibu na Mwanza mwezi wa Juni, lafuata sikukuu ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki; lilianzishwa chini ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na jina lake maana yake ni maua. Bagika na Bagalu wakaikubali siku hiyo, wakaifanya uwanja wao. Mtu atakayetaka kuifuta kwa sababu si ya mababu, na ajitokeze.

Ugomvi huu haukuzuka Usukumani peke yake. Ulaya nako kulikuwa na muziki uliokufa: muziki wa Zama za Kati na wa karne ya 15 na ya 16, ambao ala zake zilikuwa zimebaki katika makumbusho na nyimbo zake katika hati. Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alizitengeneza upya ala hizo kwa mikono yake, na mwaka 1925 akaanzisha tamasha lake Haslemere. Mwaka 1967 kijana mmoja, David Munrow, aliunda kundi la muziki wa kale mjini London, akawavuta maelfu. Wengi wa waliowafuata walidai kwamba sasa wanausikia muziki kama ulivyosikika na wenyewe. Ndipo Richard Taruskin, profesa wa Berkeley, alipowapinga, na mwaka 1995 akakusanya hoja zake katika kitabu: hati haisemi kila kitu, alisema, na pale inaponyamaza mpigaji hujaza kwa ladha ya zama zake mwenyewe, kisha huiita ladha hiyo uasilia. Hoja yake haikuwazuia watu kupiga muziki wa kale. Iliwanyang'anya majivuno tu.

La kuangaliwa zaidi ni njia ya Munrow. Yeye, alipotaka kujua ala ya miaka 600 iliyopita ilipulizwaje, hakuridhika na vitabu. Aliwasikiliza wapuliza zumari na filimbi wa mataifa mengine ambao hawajaacha, na hamu hiyo ilimwingia alipokuwa Peru katika ujana wake. Mtu hai alimkuta ng'ambo ya bahari. Simiyu mtu hai yupo, na kutoka mjini hadi kwake ni mwendo wa pikipiki. Lakini huitwa kwenye tamasha, akapewa kiti na soda, wala haulizwi jembe lilishuka kwenye mpigo upi.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ndoto, maana jembe la kukokotwa na ng'ombe lilikwisha kuchukua kazi ya mstari wa wakulima, na trekta yaja nyuma yake. Ni kweli, na hapana mwenye akili atakayemwomba mkulima wa Itilima auze ng'ombe wake ili ngoma ipone. Kinachotakiwa ni kidogo zaidi. Jukwaa liitwe jukwaa, na bugobogobo yake ihukumiwe kama mchezo mzuri wa jukwaa. Alama ya uasilia ifutwe. Bagika na Bagalu waachiwe viwanja viwili na umati usiofungwa kamba. Sauti ambazo Hugh Tracey alizirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950, na ambazo nakala zake ziko katika maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Makhanda, Afrika Kusini, ziletwe Bariadi zisikilizwe na wazee, nao waseme zinakosa nini.

Na lipo jambo moja linaloweza kufanywa bila fedha nyingi. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonyesho ya Nane Nane ya taifa mwaka 2018, vina ardhi. Agosti udongo ni mkavu na jembe hudunda. Huo si wakati wa bugobogobo, ijapokuwa ndio wakati wa wageni. Mvua za Novemba zikianguka, ekari moja iachwe bila kupigwa plau. Kikundi kimoja cha vijana kiingie alfajiri pamoja na wazee watatu au wanne, walime mpaka mwisho wa ekari, na mavazi yawe yoyote.